Kabla hujamwita mwandishi "chawa", sikia kisa cha Carlos Chamorro



Leo nataka tuongee jambo ambalo najua litaniletea matusi kwenye magrupu yetu. Wapo watakaosema nimenunuliwa, wapo watakaosema nimechoka, nataka kuhamia kule. Semeni tu, nimezoea. Ila nawaomba kitu kimoja: someni mpaka mwisho kwanza, halafu ndiyo mnitukane.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Kwa miaka mitatu nilikuwa mmoja wa vijana wanaosimamia kurasa za mtandaoni za jumuiya yetu mkoani. Mnaijua kazi ile. Hakuna mshahara, bando unanunua mwenyewe, mkutano ukichelewa unarusha picha saa sita usiku ukiwa umesimama kwenye daladala ya mwisho. Ulipofika uchaguzi wetu wa ndani, alikuja dada mmoja, mwandishi wa habari. Akakaa nyuma ya ukumbi kutwa nzima na daftari lake. Kesho yake akaandika kwamba majina ya wajumbe wa wilaya mbili yalikatwa kwenye orodha usiku wa kuamkia uchaguzi, na kwamba alipomuuliza msimamizi hakupewa jibu.

Mimi ndiye niliyeanzisha. Niliipiga picha habari yake, nikachora msalaba mwekundu juu yake, nikaandika maneno mawili: "Chawa kazini." Haikupita saa mbili, mambo yalikuwa yameshanitoka mikononi. Kuna aliyemtafutia picha za zamani, akaipata moja amesimama na mheshimiwa wa upande wa pili kwenye mkutano na waandishi, picha ambayo kila mwandishi wa mkoa huu anayo. Kuna aliyemtukana mama yake. Kuna aliyeuliza anakaa mtaa gani. Jioni dada wa watu akafunga akaunti. Sisi tukashangilia, tukasema tumempiga spana mpaka amekimbia.

Miezi minne baadaye kamati yetu wenyewe ilikaa, ikapitia malalamiko, ikakuta kweli majina yalikatwa. Uchaguzi wa wilaya zile mbili ukarudiwa kimyakimya. Hakuna aliyemwomba yule dada radhi. Mimi nilimwandikia ujumbe baada ya karibu mwaka mzima kupita. Alijibu neno moja tu: "Sawa."

Hilo "sawa" limenikaa. Tangu hapo nikawa natafuta habari za watu waliowahi kufanya kazi kama yangu, yaani kukiandikia chama, nione waliishia wapi. Ndipo nikakutana na mtu anayeitwa Carlos Fernando Chamorro, wa nchi ndogo ya Amerika ya Kati inayoitwa Nikaragua. Nimesoma habari zake mpaka nimeona lazima niwaletee, kwa sababu huyu bwana amepita kila kona tunayoipita sisi.

KIJANA WA MAREHEMU

Nikaragua ilitawaliwa na familia moja, akina Somoza, kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1979. Baba, kisha mtoto, kisha mtoto mwingine. Kwenye mji mkuu, Managua, kulikuwa na gazeti linaitwa La Prensa. Mhariri wake, Pedro Joaquín Chamorro, alikuwa mpinzani mkubwa wa akina Somoza. Alifungwa, akateswa, akaenda uhamishoni, akarudi, akaendelea kuandika. Asubuhi ya tarehe 10 Januari 1978, akiwa kwenye gari lake anaelekea ofisini, akapigwa risasi akafa. Nchi ikalipuka. Watu walijaa barabarani kwenye mazishi yake, migomo ikafuata, na mwaka na nusu baadaye Somoza akakimbia.

Carlos Fernando ni mtoto wa huyo mzee. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kusoma uchumi Kanada. Angeweza kukaa La Prensa akarithi kiti cha baba. Yeye akaenda kwa wapiganaji wa Sandinista, chama cha ukombozi kilichomwangusha Somoza tarehe 19 Julai 1979. Siku chache tu baada ya ushindi, chama kikaanzisha gazeti lake, Barricada, yaani kizuizi, kile ambacho wananchi hukijenga barabarani kwa mawe na matairi askari wasipite. Kijana yule akawa mhariri wake mkuu.

Hebu jiweke pale. Baba yako ameuawa na dikteta. Dikteta ameanguka. Chama chako kiko Ikulu. Wewe ni kijana mdogo na umepewa gazeti la chama. Nani kati yetu angekataa? Mimi nisingekataa. Ningelala palepale ofisini.

GAZETI LA CHAMA NA GAZETI LA NYUMBANI

Shida haikuchelewa. La Prensa, gazeti la marehemu baba, likaanza kuikosoa serikali mpya. Mama yake, Doña Violeta, aliyekuwa kwenye baraza la watu watano lililoongoza nchi baada ya ushindi, akajiuzulu mwaka 1980. Familia ikagawanyika. Mama, kaka na dada upande wa La Prensa. Carlos Fernando upande wa Barricada. Baba yao mdogo akatoka akaanzisha gazeti la tatu. Ukoo mmoja, magazeti matatu, yote yanavutana.

Serikali ya chama chake ikaanza kupitia kurasa za La Prensa kabla hazijachapwa na kukata habari. Juni 1986 ikalifunga kabisa, mpaka Oktoba 1987.

Sasa hapa nataka tuwe wakweli, kwa sababu ndipo palipo na mtego. Wasandinista hawakuwa wanatafuta sababu za uongo. Marekani ilikuwa inawafadhili waasi wa Contra waliokuwa wanaua raia na kuchoma mashamba. Mwezi huohuo wa Juni 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu kwamba Marekani imevunja sheria za kimataifa kwa kuishambulia Nikaragua. La Prensa nalo lilipata fedha kutoka Marekani. Kwa hiyo kijana wa chama alipomwita mwandishi wa La Prensa kibaraka wa mabeberu, hakuwa anatunga kila kitu. Vita ilikuwepo, na fedha zilikuwepo.

Na bado, kulifunga gazeti hakukuwasaidia. Ilipofika tarehe 25 Februari 1990 wakaingia kwenye uchaguzi wakiwa na uhakika wa kushinda. Hata kura nyingi za maoni zilisema Daniel Ortega atapita. Akashindwa. Na aliyemshinda alikuwa Doña Violeta, mama wa mhariri wa gazeti la chama.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Chama chenye gazeti, redio, televisheni na makada kila mtaa hakikujua wananchi wake wanafikiria nini. Kingejulia wapi? Mwananchi aliyechoka na foleni za chakula na watoto kupelekwa vitani alishajifunza kwamba mbele ya mtu wa chama unaitikia tu. Ukisikia mtaani kwenu watu wote wanasema ndiyo, usifurahi haraka. Huenda wamekuogopa.

ALIYEMFUKUZA HAKUWA DIKTETA

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo hasa nilipotaka kuwafikisha.

Baada ya kushindwa, Wasandinista wakawa chama cha upinzani. Kama sisi. Na Carlos Fernando, mama yake akiwa Rais, akaendelea kuhariri gazeti la upinzani. Lakini alishajifunza kitu. Mwaka 1991 Barricada likaacha kujiita chombo rasmi cha chama. Likaanza kuandika habari kama gazeti la kawaida: kuuliza pande zote, kuikosoa serikali ya Doña Violeta na kukikosoa chama chenyewe pia. Na jamani, kulikuwa na ya kuuliza. Walipokuwa wanatoka madarakani, baadhi ya viongozi walijigawia nyumba, mashamba na magari ya serikali. Wananchi wakaipa biashara hiyo jina la sherehe ya watoto, ile wanayopasua mtungi wa peremende na kila mmoja anagombania za kwake.

Ndani ya chama ukazuka mgawanyiko. Upande mmoja Ortega, aliyetaka chama kibaki mikononi mwake. Upande wa pili watu kama mwandishi wa riwaya Sergio Ramírez, aliyekuwa Makamu wa Rais wake, waliotaka chama kifunguke. Gazeti likawa linaandika habari za pande zote mbili. Oktoba 1994, upande wa Ortega ukiwa umeshashinda kikao cha chama, Carlos Fernando akafukuzwa. Kiti chake akapewa Tomás Borge, mzee wa chama aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Waandishi wengine wengi wakaondoka. Miaka michache mbele, mwaka 1998, gazeti lenyewe likafa.

Angalia vizuri ni nani aliyemfukuza. Akina Somoza walishaondoka zamani. Marekani haikuhusika. Mama yake, Rais wa nchi, ambaye gazeti lilikuwa linamchapa kila siku, hakuligusa. Aliyefukuzwa alifukuzwa na makamanda wake mwenyewe, wakati chama kiko upinzani, hakina polisi, hakina mahakama, hakina Ikulu. Kilikuwa na kitu kimoja tu cha kuamua: je, tunamvumilia mtu wetu anayetuuliza maswali? Kikajibu hapana.

Miaka 12 baadaye, Januari 2007, Ortega akarudi Ikulu. Safari hii akiwa na polisi, mahakama na kila kitu. Unadhani jibu lilibadilika?

JARIDA DOGO

Turudi kwa Carlos Fernando. Kafukuzwa, hana gazeti, ana jina ambalo nusu ya nchi inalichukia kwa sababu ya chama na nusu nyingine inalichukia kwa sababu ya familia. Angeweza kuomba kazi kwa mama. Mwaka 1996 akaanzisha kijarida cha kila wiki kinaitwa Confidencial, kwa ajili ya watu waliolipia kukipata. Pembeni akawa na kipindi cha televisheni cha uchunguzi, Esta Semana, yaani Wiki Hii. Baadaye jarida likahamia mtandaoni, na huko ndiko lilipo mpaka leo.

Mwaka 2007, Ortega hajamaliza hata mwaka mmoja madarakani, Esta Semana ikatoa habari ya watu waliohusishwa na chama tawala kudai fedha nyingi kwa wawekezaji wenye mgogoro wa ardhi pwani ya Tola. Badala ya kujibu tuhuma, vyombo vya chama vikamgeuzia kibao yeye. Vikampaka matope wiki baada ya wiki. Mhariri wa zamani wa chama akaitwa mhalifu na vijana ambao huenda walijifunzia kusoma kwenye gazeti lake. Mwaka uliofuata ofisi za kituo cha utafiti alichokuwa anakiongoza zikapekuliwa.

Aprili 2018 wananchi wakaingia barabarani, mwanzoni kupinga mabadiliko ya mafao ya uzeeni. Wakauawa zaidi ya watu 300. Mmoja wao alikuwa mwandishi wa mji wa pwani wa Bluefields, Ángel Gahona, aliyepigwa risasi akiwa anarusha matangazo ya moja kwa moja Facebook kwa simu yake. Confidencial ikaandika yote hayo.

Usiku wa tarehe 13 Desemba 2018 polisi wakavamia ofisi za jarida, wakabeba kompyuta na nyaraka. Carlos Fernando akaenda na wenzake mpaka makao makuu ya polisi kudai mali yao na kuomba waonyeshwe hati ya mahakama. Askari wa kutuliza ghasia wakawasukuma na kuwapiga mpaka barabarani. Jengo halikurudishwa, baadaye Wizara ya Afya ikaligeuza kuwa nyumba ya akina mama wajawazito, ili ukilidai uonekane unawafukuza wajawazito. Mnaona ujanja huo?

Januari 2019 akakimbilia Kosta Rika, nchi ya jirani. Novemba mwaka huohuo akarudi. Mei 2021 wakavamia tena, ofisi nyingine. Safari hii ilikuwa karibu na uchaguzi, na dada yake Cristiana alikuwa anatajwa kugombea urais. Cristiana akakamatwa mwanzoni mwa Juni, kaka yao Pedro Joaquín akakamatwa mwisho wa mwezi huohuo. Carlos Fernando na mkewe wakakimbia mara ya pili. Februari 2023 serikali ikamvua uraia, yeye na watu wengine 93, akiwemo yuleyule Sergio Ramírez aliyekuwa Makamu wa Rais wa Ortega. Doña Violeta, mwanamke aliyeipa nchi ile amani, alifia San José, Kosta Rika, tarehe 14 Juni 2025. Hata kaburi nyumbani amekosa.

Na jarida? Linatoka. Televisheni ilipofungiwa, vipindi vikahamia YouTube. Waandishi walipokimbia, wakaendelea kuandika wakiwa uhamishoni. Walioko ndani wanawatumia habari bila majina, kwa sababu ukijulikana umekwisha.

Kuna mtu mwingine wa kisa hiki lazima nimtaje, kwa ajili ya makada wagumu miongoni mwetu. Anaitwa Hugo Torres. Mwaka 1974 alikuwa kwenye kikosi kilichoteka wakubwa wa Somoza ili kubadilishana na wafungwa, na mmoja wa wafungwa waliotoka kwa njia hiyo alikuwa Daniel Ortega. Yaani alihatarisha maisha yake Ortega awe huru. Mwaka 2021 Ortega akamfunga. Februari 2022 Torres akafa akiwa kizuizini. Kwa hiyo usijidanganye kwamba hii ni hadithi ya waandishi tu. Inaanza kwa waandishi, halafu inakufikia wewe uliyekuwa unapiga makofi.

"LAKINI SISI SI WAO"

Najua majibu yenu. Nimeyatumia mwenyewe.

La kwanza: "Vyombo vyote viko upande wao, sisi tukianza kujikosoa tutaisha." Sikatai kwamba uwanja umeinama. Tunakumbuka kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, mtu alitakiwa kuwa na leseni ya kulipia ili aandike kwenye blogu. Tunakumbuka Tanzania Daima kufutiwa leseni Juni 2020. Lakini kumbukeni pia Agosti 2021, gazeti la Uhuru, la chama tawala chenyewe, liliposimamishwa siku 14 kwa habari iliyowakera wakubwa kuhusu Rais na uchaguzi wa 2025. Gazeti la chama! Kuwa upande wao hakukuwaokoa. Wasandinista nao walisema uwanja umeinama, na walikuwa na vita juu yake. Haikuwazuia kuwa walivyokuwa. Ndiyo iliyowapa kisingizio.

La pili: "Waandishi wenyewe wana njaa, bahasha ikipita wanaandika chochote." Wapo, na wote tunawajua. Lakini sisi je? Siku ya mkutano wetu nani anagawa nauli kwa waandishi na kuwaambia wasisahau kumtaja mwenyekiti? Bahasha ikitoka kwetu inaitwa nauli, ikitoka kwao inaitwa rushwa. Kama mwandishi ameandika uongo, onyesha uongo uko wapi: tarehe, muhtasari wa kikao, sauti, barua. Ukiwa huna hivyo, na unachokijua juu yake ni jina lake na sura yake tu, basi hujajibu habari.

La tatu: "Chamorro ni mtoto wa wakubwa, ana jina, angeweza kukimbilia popote." Hilo ni kweli kabisa na sitalipinga. Ukoo wake umetoa marais. Ángel Gahona hakuwa na jina hilo. Na ndiyo maana nawaambia: mwenye jina akisukumwa anakwenda Kosta Rika, asiye na jina anamalizwa palepale alipo. Yule dada wa mkoani kwetu hana ukoo wa marais. Ana akaunti moja na simu moja, na sisi tulimfungia akaunti kwa siku moja bila kuhitaji polisi hata mmoja. Tukipewa polisi tutafanya nini?

Swali hilo naomba lisipite juujuu. Tunasema kila siku tukiingia madarakani vyombo vya habari vitakuwa huru. Mwananchi atajuaje? Ilani yetu imeandika, lakini ilani za watu wote zimeandika. Kitu pekee anachoweza kukiona leo ni jinsi tunavyomtendea mwandishi anayetuuliza sisi, leo, tukiwa hatuna chochote.

NINACHOPENDEKEZA

Sitaki tuishie kulaumiana. Napendekeza mambo manne kwa jumuiya yetu, na mengi hayahitaji kikao cha taifa.

Moja, kurasa zetu za chama ziitwe kwa jina lake: ubao wa matangazo ya chama. Hakuna aibu. Ratiba ya mikutano, hotuba, misimamo, hayo ndiyo mahali pake. Lakini tuache kujiita "chombo cha habari huru" wakati hatujawahi kuandika sentensi moja ambayo mwenyekiti asingependa kuisoma. Na tukitangaza kosa, tusahihishe palepale tulipokosea, kwa ukubwa uleule.

Mbili, kila mkoa uwe na mtu wa kujibu maswali ya waandishi ndani ya saa 24, kwa maandishi. Hata jibu likiwa "bado tunachunguza", ni jibu. Yule dada alimuuliza msimamizi akanyamaziwa. Angejibiwa siku ileile, pengine tusingesubiri miezi minne.

Tatu, kiongozi wa jumuiya akishiriki kumtukana mwandishi, kutafuta anapokaa au kusambaza picha zake, iwe ni kosa la nidhamu. Tuna kanuni ya kumwadhibu anayemkosea mwenyekiti heshima. Na hii iwepo.

Nne, tulipie habari. Confidencial ilianza kwa wasomaji waliotoa hela yao. Sisi tunataka magazeti huru lakini tunasoma picha za kurasa za mbele zilizosambazwa WhatsApp, bure. Tukichanga vijana kumi mia mia kwa siku, tunapata elfu moja ya gazeti. Mwandishi akilipwa na msomaji, hana haja ya nauli ya mtu.

Nasikia wengine wanasema hayo ni mambo ya kufanya baada ya ushindi. Wasandinista walikuwa na muda wa kufanya hayo kuanzia 1990 mpaka 2007. Miaka 17 nje ya Ikulu, na wakaanza kwa kumfukuza mhariri.

Namalizia nilipoanzia. Uchaguzi wetu wa ndani unakuja tena. Nimeomba kwenye kamati ya maandalizi waandishi wapewe viti vya mbele na nakala ya orodha ya wajumbe siku tatu kabla, wailinganishe na ya siku yenyewe. Wajumbe wawili walinicheka. Mmoja akasema tunajichimbia kaburi. Katibu amesema italetwa kwenye kikao kijacho, na mimi nitakuwepo kuhakikisha inaletwa.

Na wewe dada, kama unasoma haya: habari yako ilikuwa sahihi na mimi nilikosea. Nilikutukana mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Karibu uje tena. Ukikuta tumekata majina, andika.

Mapambano yaendelee.